Wiki Sita za Mwanzo: Mwongozo wa Kutumia Dawa za Sonona Wilayani Kilolo

Dawa za kutibu sonona zina tabia moja ambayo mgonjwa asipoelezwa mapema humfanya aziache kabla hazijamsaidia: usumbufu wake huanza ndani ya siku chache za kwanza, ilhali nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na mara nyingine huchukua wiki sita au zaidi kukamilika. Katika wilaya kama Kilolo, mkoani Iringa, ambako mkazi wa Idete, Kimala au Udekwa huweza kumaliza siku nzima njiani ili kumwona tabibu, na ambako barabara za udongo za milima ya Udzungwa hugeuka utelezi mtupu kuanzia Desemba hadi Aprili, pengo hilo kati ya usumbufu na nafuu ndilo ambalo mara nyingi huamua hatima ya tiba. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba wiki sita za mwanzo zinapaswa kupangwa kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa, na kwamba mpango huo ni sehemu ya tiba sawa na dawa yenyewe.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Sonona ni ugonjwa ambao mtu, kwa muda usiopungua wiki mbili na karibu kila siku, hutawaliwa na huzuni au hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, huku akipatwa pia na dalili nyingine kama kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, chakula kutopita, uchovu usio na sababu, kushindwa kutuliza fikra, kujilaumu, kujiona hana thamani, na wakati mwingine kutamani kufa. Mgonjwa wa vijijini hafiki zahanati akisema ana huzuni. Hufika akilalamikia kichwa, mgongo, kifua kubana, moyo kwenda mbio au usingizi unaokatika saa tisa usiku, akapimwa malaria na taifodi, akapewa dawa, akarudi mwezi unaofuata na malalamiko yaleyale. Mtu aliyetibiwa taifodi mara kadhaa kwa muda mfupi bila kupona ana haki ya kumwambia tabibu kwamba pamoja na maumivu hayo, moyo wake pia umechoka, na kuomba aulizwe maswali tisa yanayotumika kupima sonona, ambayo yana tafsiri ya Kiswahili na huchukua dakika chache tu.

Si kila sonona inahitaji dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma wasio mabingwa, ulioanza kutumika mwaka 2010, unaelekeza dawa kwa sonona ya wastani na ile kali, ilhali sonona nyepesi huanzwa kwa unasihi, yaani mazungumzo ya kitaalamu ya kumsaidia mgonjwa kutatua yanayomkabili, pamoja na kurudisha ratiba ya usingizi, kazi na watu. Inafaa pia kupima kwanza upungufu wa damu, maambukizi ya VVU, ujauzito na, panapowezekana, utendaji wa tezi ya shingo, kwa kuwa hali hizo huweza kuleta uchovu na huzuni zinazofanana sana na sonona.

Wapo wagonjwa wanaokwepa hospitali kwa kuogopa kupelekwa Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, ambayo jina lake mitaani limegeuzwa kuwa tusi. Hofu hiyo haina msingi kwa mgonjwa wa kawaida wa sonona, kwa sababu tiba yake hutolewa akiwa nyumbani: huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kwa wakazi wa ukanda wa barabara kuu huweza kuwa Hospitali ya Kilutheri ya Ilula, na inapobidi rufaa huenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Siku dawa inapoandikwa, yapo mambo ambayo mgonjwa hapaswi kuondoka bila kuyasema hata kama hakuulizwa. La kwanza ni kama amewahi kupitia kipindi cha uchangamfu uliopitiliza, akawa halali lakini hachoki, anaongea mfululizo, anatapanya fedha au kuanzisha miradi kumi kwa siku, kwa kuwa mtu wa namna hiyo huenda ana ugonjwa wa hisia pande mbili, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumrudisha katika hali hiyo. La pili ni degedege au kifafa. Nyanda za Juu Kusini ni eneo la ufugaji wa nguruwe, na minyoo ya tegu ya nguruwe, ambayo vifuko vyake huweza kukaa ndani ya ubongo wa binadamu, ni miongoni mwa sababu za kifafa katika ukanda huu. Kwa kuwa amitriptilini hurahisisha kutokea kwa degedege, aliyewahi kuanguka hata mara moja anapaswa kusema. La tatu ni maradhi ya moyo, presha ya macho, shida ya kukojoa kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, ujauzito, na kunyonyesha. Mengine ni pombe, dawa za asili, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za VVU na kifua kikuu, ambazo zinajadiliwa mbele kwa kirefu.

Dawa zenyewe

Mbili ndizo zinazokutwa zaidi katika vituo vya umma, nazo ni amitriptilini na fluoksetini. Sertralini na sitalopramu hupatikana zaidi katika hospitali kubwa na maduka ya dawa ya mijini. Amitriptilini ni ya kundi kongwe lililoanzia kwa imipramini, dawa ambayo daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza mwaka 1957 kuwa inainua hali za wagonjwa wa sonona, na fluoksetini ni ya kundi jipya zaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Zote huzuia seli za ubongo kurudisha ndani kwa haraka kemikali zinazopitisha ujumbe baina ya seli, hasa serotonini kwa fluoksetini, na serotonini pamoja na noradrenalini kwa amitriptilini. Kazi hiyo ya kemikali huanza ndani ya saa chache, lakini ubongo huhitaji wiki kadhaa kujipanga upya kutokana nayo, na ndiyo sababu mgonjwa anayepima mafanikio kwa kidonge cha leo na hali ya kesho hukata tamaa bure.

Fluoksetini kwa kawaida ni kapsuli moja ya miligramu 20, inayomezwa asubuhi baada ya kula. Wazee na watu wenye wasiwasi mwingi huweza kuanzishiwa kipimo kidogo zaidi. Amitriptilini humezwa usiku, ikianzia miligramu 25 au 50, kisha tabibu huipandisha kidogo kidogo, kwa kuwa kipimo kinachotibu sonona kwa mtu mzima mara nyingi kiko kati ya miligramu 75 na 150. Hapa pana kosa ambalo huwapotezea wagonjwa miezi. Kidonge kimoja cha miligramu 25 hutolewa sana kwa maumivu ya mishipa ya fahamu au kwa kuleta usingizi, na kwa kazi hizo kinatosha. Lakini mgonjwa wa sonona aliyebaki kwenye kidonge hicho kimoja kwa miezi mitatu, akalala vizuri bila huzuni kuondoka, hajashindwa na dawa, bali hajafikishwa kwenye kipimo chake. Anachopaswa kufanya ni kurudi na kuuliza kama kipimo kinaweza kupandishwa, wala si kujiongezea nyumbani, kwa sababu amitriptilini ikizidi kipimo huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuua.

Diazepamu, ambayo wengi huifahamu kama dawa ya usingizi, si dawa ya sonona. Inaweza kutolewa kwa siku chache ili kutuliza wasiwasi mkali, lakini ikitumiwa kwa wiki nyingi huleta uraibu na kumwacha mgonjwa na matatizo mawili badala ya moja.

Mpango wa wiki sita

Mgonjwa anapaswa kutoka chumba cha tabibu akiwa na tarehe za kurudi zilizoandikwa, inavyofaa wiki moja baada ya kuanza, kisha wiki ya pili, ya nne na ya sita. Nauli au mvua ikizuia baadhi ya safari hizo, wakubaliane tangu siku hiyo ni ipi itakayofanyika kwa simu, na ni mhudumu gani wa afya ngazi ya jamii atakayepita nyumbani. Daftari la kawaida la shule linatosha kuandika kila jioni mambo manne: alilala kwa saa ngapi, alikula nini, dawa alimeza saa ngapi, na alisumbuliwa na nini. Daftari hilo ni la thamani kuliko linavyoonekana, maana mgonjwa wa sonona huwa anaona kwamba hakuna kilichobadilika, na tabibu anayesoma kurasa zake huweza kumwonyesha kwamba wiki ya kwanza alikuwa akilala kwa saa tatu na sasa analala kwa saa sita.

Nafuu huwa na mpangilio wake. Kwa wagonjwa wengi usingizi na hamu ya kula hutangulia, kisha nguvu za mwili hurudi, na moyo wenyewe huchangamka mwishoni. Familia inapaswa kulijua jambo hili kwa sababu linabeba hatari: kipindi ambacho nguvu zimerudi lakini kukata tamaa bado kupo ndicho ambacho mwenye mawazo ya kujiua huhitaji uangalizi wa karibu zaidi. Kwa vijana walio chini ya miaka 25 uangalizi huo ni wa lazima katika wiki za kwanza na kila kipimo kinapobadilishwa, na mamlaka ya dawa ya Marekani imelazimisha onyo kuhusu vijana kuwekwa kwenye dawa hizi tangu mwaka 2004.

Kuishi na maudhi

Watoa huduma za afya nchini hutofautisha maudhi, yaani usumbufu mdogo ambao kwa kawaida hupungua wenyewe, na madhara yanayohitaji kurudi hospitali upesi. Maudhi mengi ya fluoksetini ni kichefuchefu, kichwa kuuma, kuharisha kidogo, kutokwa na jasho, kutotulia na kukosa usingizi, na kwa watu wengi hupungua ndani ya wiki moja hadi mbili. Kuimeza katikati ya mlo, kwa mfano baada ya nusu ya bakuli la uji, hupunguza kichefuchefu, na kuimeza asubuhi badala ya jioni huokoa usingizi. Chai ya rangi nzito iachwe baada ya saa nane mchana, jambo ambalo si dogo kwa wakazi wa nyanda za baridi waliozoea kunywa chai hadi usiku.

Amitriptilini huelekea upande wa pili, kwani huleta usingizi, kinywa kukauka, choo kigumu, macho kuona ukungu, mapigo ya moyo kwenda kasi na hamu kubwa ya kula. Mgonjwa anayeamka na kichwa kizito anaweza, kwa kukubaliana na tabibu, kuimeza saa moja au mbili usiku badala ya saa nne, ili uzito huo uishe kabla ya alfajiri. Katika wiki ya kwanza, na kila kipimo kinapopandishwa, asiendeshe bodaboda wala gari, asishike msumeno wa mnyororo wala mashine ya kupasulia mbao, mpaka ajue mwili wake unavyoipokea. Dereva wa lori anayeshuka Mlima Kitonga akiwa amesinzia hahatarishi maisha yake peke yake. Kinywa kikavu kitulizwe kwa kunywa maji kidogo kidogo na kusukutua mara kwa mara, wala si kwa pipi, soda au kutafuna miwa kutwa nzima, kwa kuwa mate yakipungua meno hupoteza kinga yake na sukari huyaoza upesi. Kwa choo kigumu, ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, na maharage, mboga za majani, mapera na maparachichi, ambayo Kilolo haina uhaba nayo, hufanya kazi pale tu maji yanaponywewa ya kutosha, jambo linalosahaulika kirahisi mahali penye baridi ambapo mtu hasikii kiu.

Kizunguzungu cha kuinuka kinahitaji maelezo ya pekee kwa wazee. Amitriptilini huchelewesha mishipa ya damu kujikaza mtu anaposimama, damu ikachelewa kufika kichwani, na macho yakaingia giza kwa muda mfupi. Mzee wa Kidabaga anayeamka usiku wa Julai, kukiwa na baridi kali na choo kiko nje, hurusha blanketi, husimama upesi ili awahi, na huanguka kabla hajafika mlangoni. Utaratibu unaomfaa ni kukaa kwanza kitandani, kushusha miguu, kubaki hivyo kwa dakika moja huku akikunja na kukunjua vidole vya miguu, kisha kusimama akiwa ameshika ukuta au kiti, na kutulia tena kidogo kabla ya hatua ya kwanza. Tochi ikae mahali mkono unapofika bila kutafuta, na ndoo yenye mfuniko ndani ya chumba isionewe aibu, kwani nyonga iliyovunjika humlaza mzee kwa miezi na huweza kumwondoa kabisa. Kwa wazee wengi fluoksetini ni chaguo salama zaidi, ingawa nayo huweza kushusha kiwango cha chumvi katika damu, na mzee anayeitumia akianza kuchanganyikiwa ghafla apelekwe kupimwa.

Lipo udhi moja ambalo halisemwi, na kwa sababu halisemwi huvunja tiba nyingi na hata ndoa. Dawa hizi, hasa fluoksetini na sertralini, huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, kuchelewesha kilele, au kudhoofisha nguvu za kiume. Mume huacha dawa kimyakimya, au mke hudhaniwa kuwa ana mtu mwingine, ilhali sababu iko ndani ya kopo la dawa. Sentensi moja fupi inatosha kulifungua jambo hili: “Daktari, tangu nianze dawa hii mambo yetu ya chumbani yamebadilika.” Mtoa huduma mwenye mafunzo hatashangaa, na anazo njia za kusaidia: kusubiri wiki chache zaidi, kupunguza kipimo, au kubadilisha dawa. Kuruka dawa siku mbili ili mambo yarudi, kama wengine wanavyoshauriana, hakusaidii kwa fluoksetini, kwa kuwa dawa hiyo na zao lake hubaki mwilini kwa wiki kadhaa. Ikumbukwe pia kwamba sonona yenyewe huua hamu hiyo, hivyo ni busara kumweleza tabibu hali ilivyokuwa kabla ya dawa.

Vitu visivyochanganywa

Ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua, ni sehemu ya maisha ya Kilolo, na mwongozo unaojifanya kwamba haupo haumsaidii mtu. Ulevi wa aina yoyote huongeza usingizi wa amitriptilini, hupunguza uangalifu, na hukoleza sonona yenyewe siku inayofuata. Kuacha kabisa ndiko bora, angalau katika wiki sita za mwanzo. Anayekunywa kila siku kwa wingi asiache ghafla peke yake, kwa kuwa mwili uliozoea pombe huweza kupata degedege ukinyimwa mara moja. Amwambie tabibu kiasi halisi anachokunywa, kwa lita na kwa siku, ili asaidiwe kuacha salama.

Kuhusu dawa nyingine, fluoksetini na sertralini huongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni zikitumiwa pamoja na aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, ambazo wakulima wengi humeza kwa maumivu ya mgongo bila kuandikiwa. Parasetamoli ni salama zaidi kwa kazi hiyo. Tramadoli, na linezolidi inayotumika kutibu kifua kikuu sugu, zikikutana na dawa za sonona huweza kuzidisha serotonini mwilini kufikia kiwango cha hatari. Rifampisini, iliyomo katika tiba ya kawaida ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya amitriptilini na sertralini. Dawa mseto ya malaria na amitriptilini zote huweza kugusa mapigo ya moyo, kwa hiyo anayeandikiwa ya malaria aseme anatumia nini.

Suala la VVU lina uzito wa pekee hapa, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta asilimia 11.3 ya watu wazima mkoani Iringa wakiishi na maambukizi, kiwango kilichozidiwa na Njombe pekee. Efavirenzi, iliyokuwa katika tiba ya wengi kabla Tanzania haijaanza kuhamia dolutegraviri mwaka 2019, inafahamika kwa kuleta ndoto mbaya na huzuni, na dolutegraviri nayo huwanyima usingizi baadhi ya watu. Habari njema ni kwamba dolutegraviri haigongani kwa namna ya kutisha na dawa za sonona zilizotajwa, ilhali dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri huweza kupandisha kiwango cha amitriptilini au fluoksetini katika damu, na kipimo hupaswa kupunguzwa. Mgonjwa aonyeshe kadi yake ya kliniki ya tiba na matunzo kwa anayemwandikia dawa za sonona, na aonyeshe dawa za sonona kliniki.

Mizizi na majani ya waganga huleta ugumu wa aina nyingine, kwa kuwa viambata na kiasi chake havijulikani. Mgonjwa asiaibishwe kwa kuyatumia, na asiyafiche. Maombi na ibada, kwa upande wao, haviingiliani na kidonge chochote, na kiongozi wa dini anayemwambia muumini aache dawa ili aonyeshe imani anamweka katika hatari isiyo ya lazima.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Mgonjwa asisubiri tarehe yake ikiwa mkojo umeziba kabisa, jicho linauma huku uoni ukififia, moyo unadunda ovyo au amezimia, amepata degedege, amepata choo cheusi kama lami, ana upele uliosambaa na kuvimba uso, au ana homa pamoja na kutetemeka, misuli kukaza na kuchanganyikiwa. Arudi pia upesi akipatwa na ule uchangamfu uliopitiliza ulioelezwa mwanzoni, ambao kwa kawaida ndugu huuona kabla yake: baba aliyekuwa halali kwa huzuni sasa halali kwa furaha, na anataka kuuza ng'ombe wote kesho. Madhara yoyote makubwa yaripotiwe pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa fomu ambayo kituo cha afya kinapaswa kuwa nayo.

Mawazo ya kujiua yasemwe waziwazi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya sheria hiyo huwafunga midomo watu wengi, lakini kuwa na mawazo hayo na kuyasema kwa mhudumu wa afya si kosa la jinai. Mtu mwenye mawazo hayo asiachwe peke yake mpaka afikishwe kituoni. Nyumbani kwake amitriptilini itolewe ya wiki moja moja, itunzwe na ndugu mwingine ndani ya kopo lenye mfuniko mgumu, mbali pia na watoto, ambao kwao hata vidonge vichache ni hatari. Viuatilifu vya nyanya na vitunguu, ambavyo katika ukanda wa Ilula na Ruaha Mbuyuni hukaa chini ya vitanda na kwenye pembe za jiko, vihamishiwe stoo yenye kufuli au kwa jirani, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Hatua hii huokoa maisha, kwa sababu msukumo wa kujidhuru mara nyingi hupita ndani ya muda mfupi iwapo kitu cha kujidhuru hakipo karibu.

Kuendelea, na kuacha

Mwezi wa tatu wa tiba ndio wenye kishawishi. Mgonjwa amepona, shamba linamngoja, nauli ni ileile, na kidonge kinaonekana hakina kazi tena. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linashauri dawa iendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, na aliyewahi kuugua mara kadhaa huhitaji muda mrefu zaidi, kwa kuwa anayeacha mapema ana uwezekano mkubwa wa kurudiwa. Kwa mgonjwa asiye na mawazo ya kujidhuru, ni vyema kuomba akiba ya wiki mbili kabla ya mvua kubwa. Dawa ikikosekana kituoni, asibadilishe mwenyewe amitriptilini kwa fluoksetini wala kuazima kwa jirani, bali apige simu kituo au hospitali iliyomwandikia. Anayeshindwa gharama amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha, au aulize kuhusu bima ya CHF iliyoboreshwa kabla hajaanza kuruka siku ili vidonge vidumu.

Mama anayegundua kuwa ni mjamzito katikati ya tiba asiache ghafla kwa hofu, kwa kuwa sonona isiyotibiwa nayo humdhuru mtoto. Awahi kliniki ili hatari za pande zote mbili zipimwe. Anayenyonyesha huweza kuhamishiwa sertralini, ambayo hupita kidogo sana kwenye maziwa.

Muda wa kuacha ukifika, kipimo hupunguzwa kwa ngazi kwa muda usiopungua wiki nne, na inafaa kuchagua kipindi kisicho na msukosuko, mbali na msiba, mitihani au kilele cha mavuno. Anayekatisha ghafla amitriptilini au sertralini huweza kupata kizunguzungu, hasira za karibu, ndoto nzito, na hisia kama shoti ya umeme kichwani. Dalili hizo huanza ndani ya siku chache baada ya kupunguza, na kwa wengi huisha katika wiki moja au mbili. Zikizidi, hurudiwa kipimo cha awali na kupunguza huanza upya taratibu zaidi. Sonona inayorudi huja kwa mwendo mwingine, wiki kadhaa au miezi baadaye, na huanza na dalili zilezile zilizomwanza mgonjwa mara ya kwanza, ambazo zimeandikwa katika kurasa za mwanzo za daftari lake. Daftari hilo litunzwe, ndugu aliyekuwa akimsindikiza alisome, na wakubaliane kwamba dalili mbili kati ya hizo zikionekana kwa wiki mbili mfululizo, safari ya kituoni ifanyike bila kungoja ya tatu.